Kufua Maji Kwanza

Metroni wa kliniki hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Angepaza sauti, mama mdogo naye angepaza yake, wangemaliza kwa kucheka, na mambo yangeishia hapo kama yalivyozoea kuishia. Jumatatu ile aliingia uani kwetu taratibu, akatoa gauni moja la muuguzi kwenye mfuko, akalilaza juu ya meza ya kupigia pasi kama mtu anayemlaza mtoto mwenye homa.

"Mama Povu," alisema, "liguse."

Mama mdogo aliligusa.

"Hilo si gauni tena, ni gunia. Wasichana wangu wanajikuna mbele ya wagonjwa. Juzi mzee mmoja kamuuliza muuguzi wa zamu kama huo upele wake unaambukiza."

"Ni sabuni, Metroni. Sabuni za siku hizi zimebaki jina tu."

"Mimi ya sabuni siyajui. Ninachojua, wakubwa wamempata mtu wa mashine za kufulia. Anachukua asubuhi, anarudisha jioni, yamenyooka. Nimewaomba wasubiri." Akashusha pumzi. Alikuwa mama mnene, mpole, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya mazungumzo haya. "Nipe magauni ishirini na mawili Alhamisi mchana, yawe kama yalivyokuwa zamani. Yakirudi hivi, sitakuwa na la kuwaambia."

Alipoondoka, mama mdogo aliliinua lile gauni, akaliweka shavuni. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake cha nguo safi, shavu. Macho yanadanganywa na jua, husema, pua inadanganywa na manukato, lakini shavu halidanganyiki. Kisha akalikunja na kwenda kuinjika chai.

Nieleze kidogo, maana huenda humjui. Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nilipofiwa na mama nikiwa na miaka sita. Alianza kwa kufanya usafi kwenye jengo la ofisi huku akifua nguo za watu jioni. Baadaye kazi ya kufua ikazidi ile ya usafi, akaiacha ya usafi. Jina la Mama Povu alipewa na majirani kwa sababu karo lake lilikuwa likifurika povu mpaka linamwagika sakafuni, na paka wa ghorofa ya pili akashuka siku moja kulichunguza, akazama, akatoka mbio akiwa mweupe wote. Kabla ya kufua alisugua sabuni kiganjani mara tatu, akaitazama, akahesabu moja mpaka kumi. Povu likisimama mpaka kumi, kazi inaanza. Kwa povu hilo nimevaa, nimekula, nimesoma hadi chuo. Magauni ya kliniki ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa kazi yote hiyo. Bila kliniki, mama mdogo angebaki na mashuka mawili matatu ya majirani na goti lake bovu.

Sasa ile Jumatatu povu lilikuwa halifiki hata nne.

Nilijua kwa nini. Hili ndilo linaloniuma kulisema. Nilikuwa na wiki ya kumi na moja katika maabara ya idara ya maji, kazi yangu ya kwanza, na siku ya tatu tu nilibeba kichupa cha maji ya bomba letu nikayapima. Kipimo chenyewe ni kitu cha kupendeza: unatia rangi, maji yanakuwa mekundu kama zabibu, kisha unadondosha dawa tone kwa tone mpaka yanageuka bluu ghafla. Ukidondosha kidogo tu yakageuka, maji ni laini. Ya kwetu nilidondosha, nikadondosha, mpaka nikadhani nimeshika dawa isiyo yenyewe. Miezi saba nyuma upande wetu wa mji ulikuwa umehamishwa kutoka maji ya mto hadi maji ya visima virefu. Maji ya chini yanapita kwenye miamba, yanabeba chokaa. Kunywa hayana neno. Lakini sabuni ikikutana na chokaa, badala ya kutoa povu inashikana nayo, inakuwa utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo. Ukiongeza sabuni unaongeza utando.

Nyumbani dalili zilikuwa kila mahali. Birika la umeme liliota ukoko mweupe ndani, chai ikawa na vipande kama maganda ya mayai. Glasi zilitoka kwenye maji zikiwa na madoa ya matone yaliyokauka. Bomba la kuogea liliziba nusu, likawa linarusha maji ukutani badala ya kichwani. Nywele zangu zilikuwa kama katani. Jirani yetu mshonaji alikuwa akisema maji haya ukioga, ukitoka unatafuta pa kuogea.

Kwa hiyo nilijua, na sikusema. Mimi ni mtu wa kujificha. Darasani nilikuwa naona jibu mapema, nauma kalamu, namwacha mwenzangu akosee. Mama mdogo huniita Konokono. Lakini safari hii haikuwa aibu peke yake. Nilijiuliza, mimi ni nani wa kumfundisha kufua mtu aliyenifulia maisha yote? Ningesemaje bila kusikika kama msichana aliyerudi na cheti na kidole cha kunyooshea watu?

Jioni ile ya Jumatatu nilijaribu.

"Mama mdogo, yale maji..."

"Yana nini?"

"Ni magumu."

"Magumu? Yamekuvunja jino?"

Nikacheka. Nikarudi ndani ya gamba langu, nikanywa chai.

Jumanne alinunua sabuni ya aina nyingine, ya tatu mwezi ule, akatia mara mbili ya kipimo chake. Kisha akafungua friji, akatoa chupa za maji yaliyoganda nusu, akazimimina kwenye beseni la kusuuzia. Friji yetu ilikuwa imejaa chupa hizo kwa miezi. Hapakuwa na nafasi hata ya nyanya. Niliwahi kudhani ni kwa ajili ya goti lake, la kukandia. Nilipomwona akisuuzia, nikafikiri tu kwamba mtu aliyekata tamaa hujaribu lolote. Sikuuliza. Natamani ningeuliza.

Jumatano na Alhamisi nilikuwa na mapumziko. Mama mdogo aliloweka magauni yote kwenye pipa kubwa, pamoja na sabuni, akajifunga leso kichwani.

"Nakwenda ng'ambo ya mji. Kuna mtu anauza sabuni ya mche ya kweli kweli, ile ya zamani. Wewe yaangalie tu. Usiyaguse."

"Sawa."

"Konokono, nimesema usiyaguse."

"Nimesikia, mama mdogo."

Akatoka akichechemea. Nikayatazama yale magauni yaliyolala kwenye maji ya kijivu. Hakuna povu hata la kumficha inzi. Nikawaza kesho mchana, nikawaza sura ya Metroni, nikawaza mama mdogo akianza tena kubisha milango ya watu akiomba nguo za kufua katika umri ule. Ndipo nikakumbuka siki.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimechemsha siki kwenye birika letu lenye ukoko. Ukoko ulitoa mapovu madogo, ukayeyuka wote, birika likang'aa mpaka mama mdogo akajitazama humo na kurekebisha leso. Maabara pia vyombo vyetu tunavisafisha kwa asidi. Nikajiambia kwamba kama siki inaondoa chokaa kwenye birika, itaiondoa kwenye nguo. Atarudi akute maji yana povu, nguo nyeupe, na mimi nimekaa kimya pembeni kama kawaida yangu. Sitahitaji kumwambia kitu. Nadhani hilo ndilo lililonivuta kuliko yote, kwamba sitahitaji kusema.

Nilimimina chupa mbili.

Ungedhani mtu amekamua ndimu kwenye maziwa. Maji yakakatika. Kilichokuwa kimebaki cha sabuni kiligeuka vibonge vya mafuta, vyeupe na laini, vikaelea, kisha vikaanza kunata kwenye pamba. Nilichovya mkono, ukatoka na utelezi kama wa mtu aliyeshika mshumaa. Nilichota maji mapya nikasuuza gauni moja. Vibonge vikazidi kushika. Nikajaribu la pili. La tatu lilikuwa na kola iliyojaa mafuta kama sahani ya jana.

Hapo ndipo somo la mwaka wa kwanza likanirudia lote, likiwa limechelewa: sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi, na ukiitia asidi unairudisha kuwa mafuta. Nilikuwa nimepata alama nzuri sana kwenye swali hilo.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka aliporudi. Alikuwa amebeba mche wa sabuni umefungwa kwenye gazeti, uso una matumaini. Akaliona pipa.

"Nini hiki?"

Ningeweza kusema sijui. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, limenizoea.

"Ni mimi," nikasema. "Nimetia siki. Nilidhani itasaidia. Tatizo si sabuni, mama mdogo, ni maji. Yana chokaa. Nimejua tangu wiki ya kwanza kazini, nimeyapima mwenyewe, na sikukwambia. Niliogopa utaona najifanya najua. Basi nikataka kurekebisha kwa siri, nimeharibu yote ishirini na mawili."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo. Mama mdogo aliweka sabuni chini. Akainua gauni, akalibana, mafuta yakatoka katikati ya vidole. Nilisubiri anikemee, na ningefurahi angenikemea.

"Wiki kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Umenitazama natupa sabuni wiki kumi na moja."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Umenitazama nikimtukana muuza duka, baba wa watu, nikamwita mwizi."

Akakaa kwenye ukingo wa karo, akanyoosha goti lake, akatazama juu kwenye kamba tupu.

"Hilo la siki nimekusamehe tangu nilipoingia mlangoni," akasema. "Mimi mwenyewe nimeshaunguza suti ya bwana harusi. Lakini kunyamaza, mwanangu! Nimekusomesha ili uninyamazie?"

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie kidogo, si sana, kisha akasema, "Haya, inatosha, usituongezee maji ya chumvi. Ingia chini ya kitanda changu, uvute dumu lililofunikwa kanga."

Lilikuwa dumu dogo la lita tano. Nililifahamu tangu utotoni, na siku zote nilidhani ni maji ya akiba ya kunywa. Mama mdogo alimwaga kidogo kiganjani, akasugua ile sabuni mpya mara tatu.

Povu lilisimama. Lilisimama mpaka kumi, likapita kumi, likapanda kwenye kidole gumba kama kofia.

"Sabuni ya kweli," akasema.

Akafungua bomba, akanawa, akaisugua sabuni hiyo hiyo kwa maji ya bomba. Ikatoa utando wa kijivu. Tukatazamana.

"Haya maji ni ya wapi?" nikauliza.

"Ya viyoyozi. Kule nilikokuwa nafagia. Nyuma ya jengo kuna mabomba yanadondosha maji mchana kutwa, wanayamwagilia maua. Siku moja nilisafishia dekio hapo nikaona sabuni inachachamaa, dekio linatoka jeupe kuliko kwa maji yetu ya mto. Tangu siku hiyo nikawa nabeba dumu moja kila jioni. Hayatoshi kufulia watu. Yanatosha shati moja."

"Shati la nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mtoto wake wa kumzaa.

Shule ya msingi, kwa tope la maji ya mto, mashati ya wenzangu yote yaligeuka rangi ya chai ya maziwa kabla muhula haujafika nusu. Langu halikugeuka. Mwalimu wa usafi alikuwa akiniita mbele Ijumaa, anasema, tazameni shati hili. Mimi nilikuwa natamani ardhi inimeze. Nililichukia shati lile kwa jinsi lilivyonitangaza. Nilirudi nyumbani siku moja nikamwomba mama mdogo asilifue sana. Alicheka, akaendelea.

"Na blauzi ya siku ya usaili wa kazi?" nikauliza.

"Hiyo nayo. Nilipita kule kuomba dumu moja, na haya ndiyo yaliyobaki." Kisha akakunja uso. "Lakini sikujua ni maji. Nilidhani ni ule ubaridi wake. Si yanatoka kwenye kiyoyozi? Yanatoka ya baridi. Ndiyo maana nimekuwa nagandisha haya ya bomba kwenye friji. Yamekuwa baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, na povu hakuna. Nikasema basi, sabuni ndiyo feki."

Zile chupa kwenye friji! Miezi saba mama mdogo alikuwa akigandisha maji magumu, na wiki kumi na moja kati ya hizo mimi nilikuwa na jibu mfukoni. Yeye alikuwa na maji yasiyo na maelezo, mimi nilikuwa na maelezo yasiyo na maji, tumelala chumba kimoja.

"Si baridi," nikasema, na safari hii sikusubiri aniruhusu. "Maji ya kiyoyozi yanatoka hewani, kama umande. Hayajapita kwenye mawe, kwa hiyo hayana chokaa. Na mafuta haya ya siki yanatoka. Yanatoka kwa magadi na maji ya moto. Magadi pia yanaitoa chokaa kwenye maji ya bomba. Unachemsha, unatia magadi, unaacha chokaa ishuke chini, unachota ya juu. Tufue kwa hayo kwanza. Kisha sabuni na kusuuza kwa maji ya kiyoyozi."

"Yaani tuyafue maji kabla ya kufua nguo?"

"Ndiyo. Tunafua maji kwanza."

"Nimeishi nikaona," akasema mama mdogo, lakini mikono yake ilikuwa tayari inakunja mikono ya blauzi. "Magadi ninayo. Majiko nitawasha. Goti langu halifiki kule na kurudi mara mbili. Utakwenda wewe."

"Peke yangu?"

"Kwani konokono hutembea wangapi?"

Jengo lile lilikuwa mitaa minne kutoka kwetu, refu, la vioo. Mlinzi wa lango la nyuma alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia iliyomzidi. Nilisimama mbele yake nikasahau kila kitu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Naomba maji."

"Ya kunywa yako dukani pale."

"Si ya kunywa. Yale ya... yanayodondoka."

"Eti? Ongea, mwanangu. Sikio hili nililiachia jenereta."

"Yanayodondoka."

"Nani kaanguka?"

Watu wawili wenye mafaili walikuwa wanapita. Nikafumba macho. "NAOMBA MAJI YA VIYOYOZI!"

Wenye mafaili waligeuka. Mzee akatabasamu mpaka fizi zikaonekana.

"Kumbe sauti unayo, ulikuwa unaibania tu. Nani kakutuma?"

"Mama Povu. Aliyekuwa anafagia hapa."

Alivua kofia. "Mama Povu wa shati?"

"Shati gani?"

"Miaka yote ile nikimuuliza umebeba nini kwenye dumu, ananiambia shati. Mlinzi mwenzangu akidai kumpekua, namwambia mwache, huyo kabeba shati." Akanitazama kuanzia miguuni. "Usiniambie. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya shati?"

"Ndiye mimi."

"Ala! Shati limeota miguu, limekuja lenyewe."

Alinipeleka nyuma. Viyoyozi vilikuwa vimepangwa ukutani safu tatu, kila kimoja na kijibomba chake, vyote vikidondosha kwenye mapipa mawili yaliyofunikwa chandarua. Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba niliona kutu ya chini ya pipa. Wakati nikijaza madumu, mzee alinionyesha ngazi ya zege karibu na mlango.

"Alikuwa anakaa hapo. Msimu wa baridi viyoyozi vinazimwa vyote, kasoro kimoja cha chumba cha kompyuta. Kile pale. Kinadondosha tone, tone. Kazi imeisha, wenzake wameondoka, yeye kakaa anasubiri dumu lijae. Nikamwambia, mama, si kuna bomba pale? Akasema, lile la watu wote. Hili la mwanangu."

Nilitazama kile kijibomba. Tone lilijikusanya kwenye ncha, likaning'inia, likaanguka, lingine likaanza. Tangu darasa la kwanza hadi la mwisho, misimu yote ile ya baridi. Nami nilimwambia asilifue sana.

"Asante, babu," nikasema mwishowe.

"Eti?"

"ASANTE, BABU."

"Haya. Maua yatakunywa kesho."

Alinipa toroli la kubebea mapipa ya taka, akalipangusa kwanza kwa kitambaa chake. Nilikwenda mara tatu, kila safari madumu matatu, nikisukuma katikati ya njia huku gurudumu moja likilia kama paka aliyekanyagwa. Watu walinitazama. Safari ya kwanza niliinamisha kichwa. Ya tatu nilimwambia mtu mwenye baiskeli apishe.

Uani mama mdogo alikuwa amezungukwa na mvuke. Maji ya bomba yaliyochemka na magadi yalikuwa yametulia ndani ya masufuria, chini kumejaa vumbi jeupe kama unga. Alikuwa akichota ya juu kwa kata, polepole, ulimi nje, kama mtu anayeiba maziwa. Tuliyaosha magauni humo, moja moja. Vile vibonge vya mafuta vililegea, vikayeyuka, na pamoja navyo ukatoka ule utando wa kijivu wa miezi saba. Maji yakawa ya kutisha. Tukayamwaga, tukaanza upya. Kisha tukaja kwenye maji ya viyoyozi, tukiyachuja kwa kanga, tukasugua sabuni.

Nilikuwa nimesahau povu la mama mdogo linavyofanana. Lilipanda pipa zima, likavuka ukingo, likashuka sakafuni. Mama mdogo alisimama akalitazama, mikono imezama mpaka viwikoni. Kisha akachota konzi moja akanipaka puani.

"Hilo ni la wiki kumi na moja," akasema.

Alhamisi Metroni alikuja kabla ya saa zake. Magauni yalikuwa yameshapigwa pasi, yamepangwa mezani. Mawili yalikuwa na kivuli cha mafuta kwenye kola, na mama mdogo alikuwa ameyaweka juu kabisa.

"Hayo mawili nimeshindwa," akamwambia. "Niachie wiki nyingine. Ishirini haya, angalia."

Metroni aliinua moja. Akalishika pindo, akalishika kwapa, mahali panapowasha. Kisha, sijui aliliona wapi, akaliweka shavuni. Alifumba macho. Tulisikia chupa ya jirani ikianguka ghorofani, tukasikia mtu akiomba radhi.

"Mmefanya nini?" akauliza.

Mama mdogo akanigeukia. Hakunisaidia hata kwa kukohoa.

Nikaeleza. Nilianza chini chini, nikakumbuka sikio la mzee, nikapandisha. Nilieleza visima, chokaa, magadi, viyoyozi, na siki sikuificha. Metroni alisikiliza mpaka mwisho, mkono bado umeshika gauni.

"Kwa hiyo ule ukoko kwenye mtambo wetu wa kuchemshia vyombo, fundi anaougonga kwa nyundo kila mwezi..."

"Ni chokaa hiyo hiyo."

"Na viyoyozi vyetu vinavyodondosha nyuma, vinavyoozesha ukuta, nimelalamika mpaka nimechoka..."

"Hayo ndiyo maji yenyewe," akadakia mama mdogo. "Weka pipa, Metroni. Ukuta upone, na mimi nipate maji."

Metroni alicheka, kile kicheko chao cha zamani, kikubwa. "Nitamwambia mtu wa mashine aendelee na mashine yake," akasema, akabeba magauni kifuani bila hata kuomba mfuko. Mlangoni akageuka. "Na huyu mwanao asije akanyamaza tena. Mimi nimejikuna miezi saba!"

Nilidhani nimeshashukuru vya kutosha. Nilipika, nikakanda lile goti kwa mafuta, nikatoa chupa zote kwenye friji na kuweka nyanya. Mama mdogo alikubali kila kitu kama malkia. Siku iliyofuata niliamka kujiandaa kwenda kazini, nikalitafuta koti langu la maabara, lile nililopewa likiwa jeupe na ambalo lilishakuwa rangi ya majivu. Halikuwepo kwenye msumari wake.

Lilikuwa uani, peke yake kwenye kamba, limeshakauka. Chini yake lilikuwa dumu la lita tano, tupu, limepinduliwa limwage tone la mwisho.

Kazini mwenzangu wa meza ya pili alinitazama nikipita, kisha akatazama koti lake mwenyewe, kisha langu tena. Ni mtu wa sauti kubwa, akiuliza kitu maabara nzima inasikia.

"Jamani, hebu tazameni koti hili! Mnafua kwa kitu gani nyumbani kwenu?"

Vichwa vyote viligeuka, kama Ijumaa zile za shule. Nilisikia gamba langu likiniita. Nikaliacha liite. Nikavuta kiti, nikakaa katikati yao, nikasema, "Ngoja niwaambie habari za mama yangu."